Meli Nne, Vitabu Vinne: Uanze na Kipi Kati ya Masimulizi ya Kweli ya Baharini?

Mtu akishaonja kitabu kimoja cha masimulizi ya kweli, yaani kile kinachosimulia tukio lililotokea kwa ufundi wa mtunzi wa riwaya lakini bila kubuni, swali linalofuata huwa lilelile: sasa nisome kipi? Anachojibiwa kwa haraka ni orodha ya vitabu vinavyosifiwa, na sifa zenyewe hufanana mno: kinashika, hakiachiki, utakimaliza usiku mmoja. Sifa za namna hiyo hazimsaidii mtu kuchagua, kwa sababu vitabu viwili vinavyoshika kwa nguvu sawa vinaweza kumwacha msomaji katika hali mbili zilizo mbali kabisa, kimoja kikampa nguvu ya kuikabili kesho yake na kingine kikamnyima usingizi wiki nzima.

Nimechagua vinne ninavyovijua vizuri, vyote vya misiba ya baharini na vyote vilivyoandikwa kwa Kiingereza. Cha kwanza ni A Night to Remember cha Walter Lord, kilichotoka mwaka 1955, kinachosimulia usiku wa Titanic. Cha pili ni Endurance cha Alfred Lansing, cha mwaka 1959, kuhusu watu 28 wa msafara wa Ernest Shackleton ambao meli yao ilinaswa na barafu katika Bahari ya Weddell, kusini kabisa mwa dunia. Cha tatu ni In the Heart of the Sea cha Nathaniel Philbrick, cha mwaka 2000, kuhusu Essex, meli ya wawindaji wa nyangumi kutoka Nantucket, Marekani, iliyogongwa na nyangumi katikati ya Pasifiki tarehe 20 Novemba 1820. Cha nne ni Dead Wake cha Erik Larson, cha mwaka 2015, kuhusu Lusitania, meli ya abiria ya Uingereza iliyopigwa topido na nyambizi ya Wajerumani karibu na pwani ya Ireland tarehe 7 Mei 1915. Nitaviita kwa majina ya meli zake, na nitataja miisho yake bila kuificha, kwa kuwa jinsi tukio linavyoisha ni sehemu ya uamuzi wa kukisoma kitabu au kukiacha.

Vigezo

Nitavipima kwa maswali manne. Mwandishi ameyajuaje anayotuambia? Anaisukumaje hadithi ambayo mwisho wake unajulikana? Anatuweka karibu na watu gani, na ni nani wanaobaki mbali? Na kitabu kikishafungwa, moyoni kinabaki nini? Baada ya hayo nitagusa kwa ufupi lugha na urefu. Swali la kwanza nimelipa nafasi kubwa kwa makusudi, maana wasomaji wengi hulifikia mwishoni, baada ya kuanza kushuku, na kwa imani yangu ndilo lingepaswa kutangulia. Hata wazee wetu waliosikiliza tenzi za vita vya Wajerumani katika Mrima na za Maji Maji walijua mtunzi ni nani, alikaa wapi na alikuwa karibu kiasi gani na moto aliousimulia, na ujuzi huo ulikuwa sehemu ya kusikiliza kwao.

Mwandishi ameyajuaje?

Lord aliwatafuta manusura. Zaidi ya watu 60 waliokuwa ndani ya Titanic walizungumza naye au waliandikiana naye barua, na kwa sababu hiyo kitabu chake kimejaa vitu vidogo ambavyo hakuna tume ya uchunguzi ingevijali: nani alikuwa amevaa nini, nani alirudi chumbani kuchukua kitu gani, mgongano wenyewe ulisikika namna gani kutoka kila sehemu ya meli. Udhaifu wake unatokana na chanzo hichohicho, kwa sababu watu hao walikuwa wakikumbuka usiku mmoja wa zaidi ya miaka 40 iliyopita, na kumbukumbu hujipanga upya kila inaposimuliwa. Hata hivyo, nawaomba wasomaji wasiidharau kumbukumbu kwa wepesi. Mwaka 1912 uchunguzi wa Uingereza ulikataa maneno ya baadhi ya manusura waliosema kuwa meli ilikatika vipande viwili kabla ya kuzama. Mabaki yalipopatikana mwaka 1985, yalikutwa yamelala sakafuni mwa bahari katika vipande viwili.

Lansing naye alizungumza na manusura waliokuwa bado hai, lakini nguzo yake kubwa ni shajara zilizoandikwa palepale juu ya barafu. Tofauti hii msomaji anaihisi hata kama hajaambiwa. Anayekumbuka anajua kwamba aliokoka, na kila sentensi yake ina utulivu wa mtu aliyekwisha kufika nyumbani. Anayeandika shajara hemani hajui kama ukurasa wa kesho utakuwapo. Kwa hiyo katika Endurance tunakutana na watu wanaolalamika juu ya chakula, wanaogombana kwa mambo madogo, wanaohesabu siku na kukisia upepo utageuka lini, na hakuna hata mmoja wao anayejua kuwa siku moja atakuwa mtu wa historia.

Philbrick alikuwa na kazi ngumu zaidi, kwa sababu manusura wote wa Essex walikuwa wamekufa zaidi ya karne moja kabla hajaanza kuandika. Alitegemea hasa mashahidi wawili. Mmoja ni Owen Chase, ofisa wa kwanza wa meli, aliyechapisha maelezo yake mwaka 1821, miezi michache tu baada ya kuokolewa. Wa pili ni Thomas Nickerson, aliyekuwa mtumishi wa meli mwenye umri wa miaka 14 walipong’oa nanga, ambaye aliandika kumbukumbu zake mwaka 1876 akiwa mzee, kisha maandishi hayo yakapotea hadi yalipoonekana tena mwaka 1960. Wawili hawa hawakubaliani katika kila jambo. Nickerson anasema kwamba baada ya pigo la kwanza nyangumi alikuwa kando ya meli, mahali ambapo Chase angeweza kumchoma mkuki, lakini Chase akasita kwa kuogopa kwamba mkia wa mnyama ungevunja usukani. Chase mwenyewe hakuliandika jambo hilo. Philbrick anawaweka mashahidi hawa uso kwa uso, anaonyesha kila mmoja alikuwa na sababu gani ya kusema au kunyamaza, na pale wote wawili wanaponyamaza anaita elimu nyingine: yale yanayojulikana kuhusu kiu, na jaribio lililofanywa Minnesota mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, ambapo vijana waliojitolea walipunguziwa chakula kwa miezi ili madaktari waone njaa inaufanyia nini mwili na akili. Wapo wasomaji wanaochoshwa na mapumziko haya ya kitaalamu. Mimi nayaona kuwa heshima kwa msomaji, maana yanamwambia waziwazi ni wapi ushahidi unaishia na ni wapi hoja inaanzia.

Larson anafanya kazi kwa nyaraka: barua, simu za maandishi, ushahidi wa mahakamani, kumbukumbu za safari alizoandika Walther Schwieger, kamanda wa nyambizi U-20, na ujumbe wa siri wa Wajerumani ambao Waingereza waliunasa na kuufumbua katika ofisi iliyojulikana kama Chumba namba 40. Sheria yake ni kwamba maneno yote yaliyo ndani ya alama za kunukuu yametoka katika hati iliyopo, hayakubuniwa. Ni sheria inayofaa kukumbukwa wakati wa kusoma, kwa sababu ufundi wake ni mkubwa kiasi kwamba mara nyingi msomaji husimama na kujiuliza kama jambo hili kweli lilitokea, na jibu limo katika tanbihi nyuma ya kitabu. Tatizo la tanbihi za namna hiyo ni kwamba haziingilii masimulizi. Mtu asiyezoea kufungua kurasa za nyuma atakimaliza kitabu bila kuona msingi wake, kisha ataondoka na shaka ambayo mwandishi alikwisha kuijibu.

Mwendo wa hadithi

Titanic ya Lord haina utangulizi mrefu. Inaanzia juu ya mlingoti, kwa Frederick Fleet, mlinzi aliyeliona siwa la barafu, na kutoka saa 5:40 usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 hadi saa 8:20 ilipozama, kitabu kinatembea karibu sambamba na saa yenyewe. Msomaji anahamishwa kutoka sitaha hadi jikoni, kutoka chumba cha simu ya upepo hadi kwenye mashua, bila kupewa muda wa kukaa. Wanaopenda mwendo huu wanasema walisahau kabisa kuwa mwisho wanaujua. Wasioupenda wanasema walipotea.

Endurance inaanza na amri ya kuihama meli, Oktoba 1915, halafu inarudi nyuma kueleza walifikaje hapo. Kisha inakuja miezi ya kukaa juu ya barafu, na hapa ndipo wasomaji wengi huchoka, maana hakuna kinachotokea ila kusubiri, kuwinda sili na pengwini, na kuangalia barafu inasogea upande gani. Ningependa kumshika mkono anayetaka kukiacha kitabu mahali hapo. Uzito wa safari inayofuata hauwezi kuhisiwa na mtu aliyeruka kusubiri. Watu sita wanawaacha wenzao 22 katika Kisiwa cha Elephant na kuingia katika James Caird, mashua isiyofika urefu wa mita saba, kuvuka karibu maili 800 za bahari chafu kuliko zote ili kufika Georgia Kusini. Frank Worsley, aliyekuwa akiongoza njia, anahitaji kupima jua ili ajue wako wapi, lakini jua linachungulia kati ya mawingu mara chache tu katika siku zote hizo. Linapochungulia anapiga magoti kwenye ubao, wenzake wawili wanamshika asitupwe majini, anasubiri mashua ipande juu ya wimbi ili auone upeo wa bahari, anasoma kipimo, kisha anajikunja gizani kufanya hesabu kwa kitabu cha majedwali ambacho kurasa zake zimeloa na kugandana. Kosa dogo la hesabu lingewapitisha kando ya kisiwa, na mbele yake hapakuwa na nchi kavu kwa maelfu ya maili. Nilipousoma ukurasa huo mara ya kwanza nilijikuta nimezuia pumzi.

Essex inaanzia nchi kavu, katika mji wa Nantucket, ambako uchumi wote uliendeshwa na mafuta ya nyangumi, na anayesubiri nyangumi agonge meli lazima avumilie sura kadhaa kwanza. Sura hizo si mapambo. Mwandishi anatuonyesha nani aliheshimiwa katika mji ule na nani hakuheshimiwa, na baadaye, mashua tatu zinapobaki peke yake baharini, tofauti hizohizo ndizo zinazopima nani ataishi.

Larson anafuma nyuzi nne: abiria ndani ya Lusitania, Schwieger ndani ya nyambizi, maofisa wa ujasusi London, na Rais Woodrow Wilson huko Washington, mjane aliyekuwa akimpenda Edith Galt. Lalamiko ninalolisikia mara nyingi kuliko yote juu ya kitabu hiki ni hili la mapenzi ya Rais: yanahusu nini na meli? Nalielewa, hasa kwa mtu aliye katikati ya hofu na ghafla anaondolewa baharini kupelekwa kwenye barua za mahaba. Lakini Marekani haikuingia vitani hadi Aprili 1917, karibu miaka miwili baada ya Lusitania kuzama, na anayetaka kuelewa ucheleweshaji huo hawezi kumruka mtu aliyeufanya uamuzi. Pigo lenyewe linapofika linakwisha upesi: Lusitania ilizama kwa dakika 18.

Watu, na wanaobaki mbali

Katika Titanic watu ni wengi mno kuweza kuzoeana nao, na hilo ndilo lalamiko kubwa la wasomaji wake. Waliosafiri madaraja ya juu wanasikika zaidi kuliko wa daraja la tatu, kwa sababu ndio waliohojiwa na magazeti na ndio walioandika. Lord halipuuzi jambo hili. Analitaja, na anaonyesha kwamba watoto wa madaraja ya juu karibu wote waliokolewa huku wengi wa daraja la tatu wakifa. Ila kulitaja si sawa na kuwasikia, na msomaji anayetaka kujua usiku ule ulikuwaje kwa familia ya wahamiaji waliolala chini kabisa atabaki na kiu.

Endurance ina watu 28, wote wanaume, na ukifika katikati ya kitabu unawajua kama majirani. Yumo hata mzamiaji, kijana Perce Blackborow, aliyejificha melini Buenos Aires na baadaye akapoteza vidole vya mguu mmoja kwa baridi. Yumo Harry McNish, seremala aliyekataa amri juu ya barafu, na ambaye kazi ya mikono yake kwenye James Caird iliwaokoa wote. Baada ya safari alinyimwa nishani waliyopewa wengi wa wenzake. Jambo moja ningependa msomaji alijue mapema: sifa kwamba hakuna aliyekufa ni ya watu wa meli ya Endurance. Msafara huo ulikuwa na kundi la pili upande mwingine wa Antaktika, katika Bahari ya Ross, na kundi hilo lilipoteza watu watatu.

Essex ndicho kitabu kilichotugawa zaidi katika kikundi chetu cha wasomaji hapa Dar es Salaam. Mabaharia sita kati ya watu 20 walioingia katika mashua walikuwa Wamarekani weusi, na hakuna hata mmoja wao aliyefika nyumbani. Njaa ilipozidi na walio hai wakaanza kula miili ya waliokufa, wanne wa kwanza kuliwa walikuwa weusi. Philbrick haliachi jambo hilo lipite kama bahati mbaya: anazungumzia chakula duni walichokuwa wakipewa tangu mwanzo, hali ya miili yao kabla ya ajali, na jinsi watu wa Nantucket walivyojikusanya na kulindana wenyewe kwa wenyewe. Dada mmoja katika kikundi chetu alisema hawezi kumsamehe mwandishi kwa kuandika hayo kwa sauti tulivu namna ile. Kaka aliyeketi karibu naye akajibu kwamba utulivu ndio uliomfanya aamini, na kwamba kama mwandishi angepiga kelele yeye angefikiri anashawishiwa. Mjadala ule haukuisha jioni ile, nami mpaka leo naona wote wawili walikuwa na haki.

Larson ana uwezo wa kumfanya adui aonekane mtu. Schwieger alipendwa na mabaharia wake, na ndani ya nyambizi hiyo kulikuwa na maisha, mizaha na hata mbwa. Wapo wanaokerwa na hali hiyo, wakisema kwamba mtu aliyesababisha vifo vya watu 1,198 hastahili kusimuliwa kwa upole. Hoja yao ni nzito, lakini ninaamini kwamba msomaji akimwona Schwieger kama mtu wa kawaida, ndipo anapoona vita inavyoweza kuufanya uamuzi ule uonekane kuwa kazi ya siku.

Kinachobaki moyoni

Hapa naomba niseme kwa uangalifu, kwa sababu sisi si wasomaji walio mbali na bahari. Wapo miongoni mwetu waliopoteza ndugu MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, na wengine MV Spice Islander ilipozama kati ya Unguja na Pemba Septemba 2011. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na kitabu ambacho kwa mtu mwingine ni burudani ya kusisimua kwa msomaji huyo kinaweza kuwa jeraha linalofunguliwa. Mama mmoja wa Pemba alikirudisha kitabu cha Titanic kabla hajakimaliza. Hakulalamikia lolote. Alinionyesha tu mahali alipokomea: mashua namba 1, iliyoweza kubeba watu 40, ikishushwa majini ikiwa na watu 12.

Hasira hiyo ndiyo inayobaki baada ya Titanic, hasira ya nafasi zilizokuwapo na hazikutumika. Inafuatwa na huzuni ya heshima, kwa sababu Lord hakejeli mtu, hata wale waliokosea.

Endurance huacha nguvu. Sijakutana na msomaji aliyekimaliza bila kukaa wima zaidi kidogo, hasa anapofika mahali ambapo Shackleton, baada ya majaribio matatu yaliyoshindwa, anarudi Kisiwa cha Elephant tarehe 30 Agosti 1916 kwa meli ya Chile iitwayo Yelcho na kuwakuta wote 22 aliowaacha wakiwa hai. Ila wanaopenda wanyama wajiandae, kwa sababu mbwa wa msafara walipigwa risasi, na shajara za waliowalea hazifichi uchungu.

Essex huacha kitu kizito ambacho wasomaji huhangaika kukipa jina. Si kinyaa, ingawa kinyaa kipo. Nadhani ni yale maswali yasiyo na jibu zuri. Nahodha George Pollard alitaka waelekee visiwa vilivyokuwa karibu zaidi upande wa magharibi. Wasaidizi wake waliviogopa kwa sababu ya uvumi wa wala watu, wakapendekeza njia ndefu ya kurudi Amerika Kusini, naye akakubali. Katika njia hiyo ndefu walikula wenzao, na katika mashua ya nahodha walipiga kura iliyomwangukia binamu yake mwenyewe, kijana Owen Coffin. Waliookoka wote, pamoja na watatu waliochagua kubaki katika kisiwa walichokikuta njiani, walikuwa wanane. Kitabu hiki nisingempa mtu aliye katika msiba mpya.

Lusitania huacha kero, nayo ni kero yenye manufaa. Ukiwa umeona kwamba London walijua nyambizi iko majini upande ule, kwamba meli ilikuwa imezima baadhi ya matanuri ili kupunguza gharama na hivyo kupunguza mwendo, kwamba ukungu ulitanda asubuhi na kuondoka kwa wakati usiofaa, unafunga kitabu ukiwa na hamu ya kumuuliza mtu mwenye madaraka maswali. Larson hakupi hukumu kamili juu ya kwa nini meli ile haikusindikizwa, na wapo wanaoichukulia hali hiyo kuwa upungufu.

Lugha na urefu

Titanic ni kifupi kuliko vyote na sentensi zake ni za mwanahabari. Endurance ina lugha nyepesi lakini istilahi za matanga na barafu ni nyingi, hivyo kisomwe ramani ikiwa wazi pembeni. Essex hueleza kila istilahi inapotokea. Lusitania ndiyo yenye Kiingereza cha ufundi mwingi na ndiyo ndefu. Msomaji mwenye haraka ataonewa nayo.

Uchague kwa hali yako

Kama ndio kwanza unaingia katika masimulizi ya kweli na una siku mbili tu, hasa kama kilichokuzuia hadi sasa ni hofu ya vitabu vinene, Titanic kitakufaa. Kiandalie karatasi ya majina, uandike kila jina linaporudi mara ya pili, na yale yanayotokea mara moja uyaache yapite.

Kama unapitia kipindi kigumu cha maisha, au unatafuta kitabu cha kumpa mtu aliyelazwa hospitali kwa muda mrefu, au kijana wa sekondari anayesema vitabu vya historia vinachosha, mpe Endurance. Mwambie tu mapema kwamba miezi ya barafu itamchosha, na kwamba waliokuwa pale nao ilikuwa ikiwachosha.

Kama wewe ni mwalimu, mwanasheria, mwanahabari au mtu yeyote anayelazimika kupima maneno ya mashahidi wawili wasiokubaliana, au kama unaumizwa na swali la nani hubebeshwa mzigo mambo yanapoharibika, hakuna kati ya hivi vinne kitakachokupa kazi ya kufikiri kama Essex. Kisome na wenzako ikiwezekana, wala usikisome wakati wa kula.

Kama unapenda siasa za dunia, ujasusi na namna uamuzi wa ofisini unavyomfikia mtu aliyeketi na mtoto wake sitahani, chukua Lusitania, na uwe na kidole kimoja kwenye tanbihi za nyuma. Asiyevumilia kuruka kutoka mahali hadi mahali anaweza kuzipita sura za Washington katika usomaji wa kwanza na kuzirudia baadaye. Nimemwona rafiki yangu akifanya hivyo, akazifurahia mara ya pili.

Na kama bahari imekuchukulia mtu wako, huna wajibu wa kusoma hata kimoja. Ukitaka kujaribu, anza na Endurance, mchana, ukiwa na mtu karibu; Titanic ingoje. Yule mama wa Pemba alifanya hivyo baada ya mwaka mzima. Alinirudishia kitabu kikiwa kimekunjwa pembe kwenye ukurasa wa Worsley na jua, akaniuliza kama ninacho kingine cha mtu huyohuyo.